Tarehe ya Gurudumu Katika Nchi ya Kabras

Msafiri atokaye mjini Kakamega kuelekea Webuye, akiisha kuipita Lubao, huingia katika nchi ya Kabras, ambayo sehemu yake moja ingali imefunikwa na msitu wa Malava, mabaki ya msitu mkubwa wa kale uliokuwa umeungana na ule wa Kakamega, na sehemu nyingine zimekwisha kuwa mashamba ya miwa, mahindi na maharage. Na kati ya msitu na mashamba hayo umekaa mji mdogo wa Malava, wenye soko lake, maduka yake, na kando ya barabara mafundi wa baiskeli ambao kazi yao ndiyo maudhui ya insha hii. Barabara hiyo leo ni ya malori, ya matrekta yanayokokota miwa kwenda viwandani, na ya pikipiki zisizohesabika. Lakini asubuhi na mapema, kabla ya vumbi kuamka, huonekana pia vijana wawili watatu wameinama juu ya baiskeli nyembamba za mbio, wakienda kwa kasi ambayo baba zao, waliokuwa wakibeba abiria na magunia juu ya baiskeli nzito nyeusi, hawakuitafuta kamwe.

Swali la kwanza ambalo kijana wa namna hiyo huuliza, naye aghalabu si mtu wa fedha nyingi, ni kuhusu magurudumu: ayanunue yapi, yatakayomfaa katika mazoezi ya kila siku na yasimtie haya siku ya mashindano, wala yasimfilisi? Atapata majibu tele yaliyoandikwa Ulaya na Marekani, nayo si ya kudharauliwa, ila yameandikwa kwa ajili ya watu ambao barabara zao ni laini na ambao duka la vipuri halipo mbali na mlango wao. Rai yangu ni kwamba jawabu lililo bora zaidi limo katika tarehe ya gurudumu lenyewe hapa hapa Kabras, kwa kuwa watu walioishi kwa kazi ya magurudumu hayo kwa miongo mingi walikwisha kung'amua kuwa bei ya gurudumu si ile inayolipwa dukani siku ya kwanza, bali ni jumla ya yote yanayolipwa mpaka siku litakapotupwa, na fungu kubwa la malipo hayo humwendea fundi.

Gurudumu la baiskeli kama tulijuavyo si jambo la zamani sana. Mikokoteni na magari ya farasi yalikuwa na magurudumu ya mti, ambayo vijiti vyake vilikuwa vinene kwa sababu kila kijiti, zamu yake ya kuwa chini ilipofika, kilibeba uzito kwa kusimama chini yake. Katika mwaka 1869, mjini Paris, fundi Eugène Meyer alipata haki ya uvumbuzi wa gurudumu la nyaya zilizokazwa, na katika mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, akazipanga nyaya hizo zikapishana na kutoka kitovuni kwa ubavu badala ya kutoka katikati moja kwa moja, ili zihimili nguvu ya mguu unaokanyaga pedali. Mpwa wake, John Kemp Starley, ndiye aliyeleta mwaka 1885 baiskeli ya Rover, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma na magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, akapata haki ya tairi yake ya upepo. Hapo viungo vyote vya baiskeli ya leo vilikuwa vimekwisha kukutana, na miaka 13 tu baadaye, Disemba 1901, reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu, ikaufungua upande huu wa magharibi kwa kila bidhaa iliyoweza kupakiwa katika behewa.

Inafaa kueleza hapa namna gurudumu hilo linavyofanya kazi, maana mengi yatakayofuata yanategemea jambo hilo, na wapo wanaoendesha baiskeli miaka mingi bila ya kulifahamu. Spoki haisimami chini ya mzigo ikausukuma juu, kwa sababu ni uzi wa chuma, na uzi hauna uwezo wa kusukuma. Kila spoki inavuta, na zote zinavuta kwa pamoja, na ringi hukaa mahali pake kama mlingoti wa jahazi unavyosimama kwa kuvutwa na kamba za pande zote. Uzito ukilikalia gurudumu, spoki chache zilizo chini kabisa hupungukiwa na mvuto wao kidogo, na gurudumu linapozunguka kila spoki hupata zamu yake ya kupunguza na kukaza tena. Ile iliyokazwa vilivyo haitikisiki kwa mabadiliko hayo; ile iliyolegea tangu mwanzo hupindwa na kunyooshwa maelfu ya mara katika safari moja, hata siku moja ikakatika kwenye kiwiko chake, pale pale inapopinda kuingia katika habu. Kwa hivyo gurudumu halivunjiki aghalabu kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi, kama watu wengi wadhaniavyo, bali kwa sababu ya ulegevu.

Baiskeli za kwanza kuonekana katika nchi hii zilikuwa za maofisa wa serikali na za wamisionari, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wa dhehebu la Marafiki kutoka Marekani waliofika Kaimosi mwaka 1902. Baadaye zikawa za machifu, walimu na makarani. Kisha, fedha taslimu zilipozidi kuzunguka, hasa baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega mwaka 1931 na vijana wa vijijini kupata ujira migodini, zikawa za wachuuzi, ambao waliifahamu faida yake upesi kuliko wote, kwa kuwa mtu mwenye baiskeli aliweza kupeleka kuku, mayai na ndizi kwenye soko la mbali na kurudi siku ile ile na samaki au chumvi. Chapa zilizosifika zilikuwa za Uingereza, kama vile Raleigh ya Nottingham, na BSA na Phillips za Birmingham, na umbo lao lilikuwa moja: fremu nyeusi nzito, breki za vyuma badala ya waya, na magurudumu makubwa yaliyoandikwa inchi 28 kwa inchi moja na nusu. Baiskeli za umbo hilo ndizo ambazo Wakenya wamezipa jina la Black Mamba.

Magurudumu hayo yanastahili kutazamwa kwa utulivu. Ringi yake ilikuwa ya chuma cha pua au cha kung'arishwa, pana, yenye mgongo bapa kati ya mifereji miwili, ya aina iitwayo Westwood. Gurudumu la mbele lilikuwa na spoki 32 na la nyuma spoki 40, kwa insafu ya Waingereza waliotambua kuwa nyuma ndiko kunakokaa sehemu kubwa ya uzito. Breki zake hazikushika ubavu wa ringi, bali ziliivuta mipira kutoka ndani ikaukamata uso wa ringi unaoelekea kitovuni, na kwa sababu hiyo gurudumu lingeweza kuyumba kiasi cha kidole kushoto na kulia, na mwenyewe akaendelea na safari yake bila ya breki kusugua. Upungufu wake ulikuwa mmoja mkubwa: mvua ilipolowesha ringi ile ya chuma, breki ziliteleza, na mtu ateremkaye mlima aliweka dhamana yake kwa nyayo za viatu. Katika mambo mengine yote lilikuwa gurudumu lisilo na kiburi, lililokubali kutengenezwa na mtu yeyote mwenye spana na subira.

Vita Vikuu vya Pili vilileta uhaba uliowafunza watu mengi. Wajapani walipoiteka Malaya na mashamba yake ya mpira mwaka 1942, tairi zikawa adimu katika makoloni yote ya Uingereza, na mwenye tairi ya baiskeli akawa hana budi kuitunza mpaka nyuzi zake zionekane. Ile sanaa ambayo mafundi wa masoko yetu wangali nayo, ya kuishona tairi iliyopasuka kwa uzi mnene na kuiwekea kwa ndani kipande kilichokatwa katika tairi kuukuu, ili tyubu isitokeze, ni sanaa ya zama za uhaba kama ule, na sidhani kuna chuo kinachoifundisha vizuri zaidi ya kivuli cha mti kando ya soko.

Baada ya uhuru, baiskeli za Kiingereza zikapungua na mahali pake pakachukuliwa na za Kihindi na za Kichina, Hero ya Ludhiana, Atlas ya Sonipat, Phoenix ya Shanghai, ambazo zote zilifuata umbo lile lile la zamani na kipimo kile kile cha gurudumu. Na jambo hilo, ingawa halikusudiwa na mtu yeyote kuwa hisani kwetu, lilikuwa hisani kubwa. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne tairi, tyubu, ringi na spoki za aina moja zilipatikana katika kila duka la sokoni, kutoka Busia mpaka Kitale, na mtu ambaye gurudumu lake liliharibika Malava aliweza kulitengeneza Malava.

Ndipo ikaja kazi ya boda boda. Ilianza mpakani Busia katika miaka ya 1960, ambako watu walihitaji kuchukuliwa pamoja na mizigo yao katika masafa yaliyopo baina ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, na kutoka huko ikaenea taratibu mpaka ikawa, katika miaka ya 1990, riziki ya maelfu ya vijana katika miji yote ya magharibi. Katika nchi ya Kabras kazi hiyo ilikutana na miwa. Kiwanda cha Mumias kilikuwa kimeanza kusaga mwaka 1973, na cha West Kenya, hapa hapa Kabras, kikafuata mwaka 1981, na palipo na miwa pana wakataji, wapimaji, makarani na wachuuzi wanaotaka kufika mashambani kwa njia ambazo gari halipiti. Mwenye boda boda aliweka mto wa sponji juu ya keria, akafunga vyuma viwili kwenye ekseli ya nyuma ili abiria apate pa kuweka miguu, akazitoa spoki za kiwandani na kutia zilizo nene zaidi, na gurudumu ambalo mhandisi wa Nottingham alilikusudia libebe karani mmoja na mkoba wake sasa likabeba watu wawili na gunia la mahindi juu ya murramu yenye mashimo.

Hapo ndipo fundi wa baiskeli alipokuwa mtu wa lazima. Ukitaka kumfahamu, mtazame anaponyoosha gurudumu. Huipindua baiskeli ikakalia kiti na usukani, akalizungusha gurudumu kwa kofi moja, na badala ya mashine ya kupimia akaegemeza kidole gumba kwenye uma huku ameshika kipande cha chaki, ili pale ringi inapoyumba ichoreke yenyewe. Alama ya chaki humwambia upande uliotoka nje, naye hazikazi spoki za upande wa pili tu, kama afanyavyo mwanafunzi, bali hulegeza robo mzunguko huku na kukaza robo mzunguko kule, ili duara lisiharibike wakati ubavu unanyooka. Akimaliza huzipiga spoki moja moja kwa ukucha na kusikiliza. Inayotoa mlio mzito kuliko jirani zake imelegea, na hairuhusu kuondoka. Mtu aweza kuwa hakusoma hata ukurasa mmoja wa elimu ya nguvu na mvuto, lakini sikio hilo linajua jambo lile lile ambalo Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, alilieleza kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli.

Pikipiki zilipoanza kuwa rahisi, hasa baada ya serikali kuziondolea kodi zile ndogo mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, boda boda za miguu zilipungua kwa kasi ya kuhuzunisha, na mafundi wengi wakahamia katika plagi na kabureta. Lakini wakati ule ule baiskeli za namna nyingine zilikuwa zikiingia kwa mlango wa mitumba: zilizotumika Ulaya, zikapakiwa katika makontena, zikauzwa Nairobi, Eldoret na Kisumu, na miongoni mwao baiskeli za mbio zenye usukani uliojikunja na matairi membamba. Moja moja zikafika Malava, zikawakuta mafundi ambao umahiri wao wote ulikuwa umejengwa juu ya Black Mamba.

Shida ya kwanza ilikuwa ya kipimo. Tairi ya Black Mamba na tairi ya baiskeli ya mbio zote huweza kuwa zimeandikwa inchi 28, na mnunuzi mwaminifu akadhani ni kitu kimoja. Ilhali kipenyo cha mahali tairi inapokaa juu ya ringi ni milimita 635 kwa ile nzito na milimita 622 kwa ile ya mbio, tofauti ya milimita 13, ambayo hakuna nguvu ya mkono wala sabuni inayoweza kuiondoa. Zipo pia baiskeli za mbio za zamani, za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambazo zina magurudumu ya inchi 27, na hayo ni milimita 630. Kijana anayenunua baiskeli ya mtumba asiangalie inchi hata kidogo. Aitafute ile nambari ya tarakimu tatu iliyochapwa ubavuni mwa tairi au juu ya ringi, na kama si 622, afikirie mara mbili, kwa sababu tairi za 630 zinazidi kuadimika kila mwaka na yeye ndiye atakayeziwinda.

Shida ya pili ilikuwa ya ndani zaidi, nayo ndiyo iliyowatahini mafundi. Gurudumu la nyuma la Black Mamba lina friwili ya gia moja tu, kwa hivyo spoki za upande wa mnyororo na za upande wa pili huinama karibu sawasawa na hukazwa karibu sawasawa. Baiskeli ya mbio ina gia saba, nane, kumi au kumi na moja zilizorundikwa upande wa kulia, na ili ringi ibaki katikati ya fremu, spoki za kulia hazina budi kusimama wima zaidi na kukazwa sana, na za kushoto hulala na hukazwa kidogo. Fundi aliyezoea usawa, akizikuta spoki za kushoto zikitoa mlio mzito, huziona kuwa zimelegea kwa kosa, akazikaza, na ringi ikahama kwenda kushoto. Nimewaona mafundi wazuri wakitatizwa na jambo hilo, na nimewaona wakilishinda bila ya mwalimu, kwa kuligeuza gurudumu kwenye uma na kulinganisha nafasi ya pande mbili. Aidha, ubavu wa ringi hizi za alumini ndio unaoshikwa na breki, basi ule mwendo wa kuyumba kiasi cha kidole ambao Black Mamba iliusamehe hausameheki tena.

Ringi za alumini zenyewe zina tarehe yake ndefu huko zilikotoka. Waendeshaji wa mwanzo wa Tour de France walikimbilia ringi za mti na za chuma, na mwaka 1934 Antonin Magne, Mfaransa, alipewa na kampuni ya Mavic ringi za duralumini zilizopakwa rangi ya mti ili zisitambuliwe, kwa kuwa kanuni hazikuziruhusu, naye akashinda mashindano hayo. Miaka michache kabla yake, 1927, Tullio Campagnolo wa Italia alikwama katika theluji kwenye mlima wa Croce d'Aune, vidole vyake vikashindwa kufungua nati za gurudumu, na kutokana na dhiki hiyo akabuni ile ekseli inayofunguliwa kwa kuinua kishikio tu, ambayo leo tunaiona katika baiskeli za mitumba. Tangu miaka ya 1990 magurudumu ya mbio yamekuwa yakiuzwa jozi kamili kutoka kiwandani, yenye spoki chache na za maumbo ya pekee, na baadaye yenye ringi ndefu za kaboni. Na kila hatua ya maendeleo hayo, iliyompa mshindi wa Ulaya sekunde kadhaa, ilimpeleka mwenye baiskeli mbali kidogo na fundi wa sokoni.

Wakenya nao hawakukaa nje ya mashindano hayo. David Kinjah wa Kikuyu, aliyeandikwa na timu ya Italia mwaka 2002, aliwalea vijana wengi, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne. Mwaka 2008 mpiga viatu rangi Zakayo Nderi na mwendesha boda boda Samwel Mwangi walipelekwa Ufaransa na Nicholas Leong, mpiga picha wa Singapuri, wakaupanda mlima wa Alpe d'Huez, na Nderi akafika juu kwa muda uliozidi kidogo dakika 42, muda ambao mtu aliyefunzwa tangu utotoni angeuonea fahari. Suleiman Kangangi, nahodha mpendwa aliyefariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, aliwahi kusimama wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017. Na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Haya yameamsha hamu hata katika miji midogo, na nina huzuni kwamba wakati raga imepata katika Kabras mlezi mkubwa na timu inayojulikana nchi nzima, baiskeli, ambayo ndiyo iliyowabeba babu za wachezaji hao, haijapata mlezi wa kadiri hiyo.

Basi kijana huyu anunue nini? Ayatenge kwanza mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya, uzito na upepo. Gurudumu jepesi husifiwa kuliko linavyostahili. Tuchukue mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana uzito wa kilo 75; akipunguza nusu kilo kwa kununua magurudumu ya bei kubwa, amepunguza sehemu moja katika 150, na katika mlima mkali wa kupanda kwa saa nzima hatapata zaidi ya sekunde 24, nao mlima wa saa nzima haupo katika nchi ya Kabras. Upepo ndio adui wa kweli wa mtu aendaye kasi, kwa sababu nguvu inayohitajika kuupasua huongezeka kwa mchemraba wa mwendo. Lakini mwili wa mwendeshaji ndio unaoupinga upepo huo kwa sehemu iliyo kubwa mno kuliko magurudumu, na kuinama vizuri juu ya usukani, pamoja na tairi nzuri laini yenye upepo wa kadiri, humpa faida kubwa kuliko ringi ndefu. Fedha za kwanza ziende katika tairi. Upana wa milimita 28, ikiwa uma na fremu zinaupokea, hufaa barabara zetu kuliko zile nyembamba za milimita 23 zilizokuwa fahari ya zamani.

Kwa mazoezi ya kila siku nasema bila ya kusita: ringi ya alumini yenye kuta mbili, matundu 32 mbele na 36 nyuma, au 32 kote kwa mtu mwepesi, spoki za chuma kisichoshika kutu zenye unene wa milimita mbili zilizopishana mara tatu, na habu za goroli zinazofunguliwa kwa spana, kusafishwa, kutiwa grisi na kufungwa tena. Mwenye kudhani hayo ni magurudumu ya watu walioshindwa, akumbuke kuwa katika mashindano ya Paris–Roubaix, yapitayo juu ya mawe makali ya kale kaskazini mwa Ufaransa, mabingwa waliokuwa na uwezo wa kupata chochote duniani walichagua kwa miaka mingi ringi za namna hiyo zenye spoki 32, mpaka kaboni ilipoanza kuaminika mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Barabara mbaya huwapa watu wote rai moja. Na lipo jambo lingine linalonipendeza kulitaja: F. K. Day, mmoja wa waasisi wa kampuni ya SRAM, ambayo ndiyo inayomiliki Zipp, watengenezaji wa magurudumu ya kaboni ya thamani kubwa, ndiye aliyeanzisha pamoja na mkewe mwaka 2005 shirika la World Bicycle Relief, ambalo baiskeli zake za Buffalo huunganishwa Kisumu. Na magurudumu ya Buffalo yana ringi imara na spoki nene kupita zile za kawaida, kwa kuwa watu wa kampuni hiyo hiyo, walipotakiwa kuifikiria Afrika ya vijijini, walifikia hukumu ile ile ambayo watu wa boda boda walikwisha kuitoa.

Kwa siku ya mashindano, mwenye akiba aweza kuwa na jozi ya pili, nyepesi kidogo au yenye ringi ya kimo cha milimita 30 hivi, ya alumini bado, na kuiweka ndani ya nyumba siku nyingine zote, kwa sababu udongo wetu mwekundu, ukichanganyika na maji ya mvua, huikwangua ringi ya breki kama msasa. Ringi iliyotumika sana hujulikana: weka ukingo wa rula ubavuni mwake, na ukiona mwanga katikati, ukuta umekwisha kuliwa na siku moja utapasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi. Atazame pia kuzunguka kila tundu la spoki kama pana ufa mdogo wa nyota. Ashike ringi na kuitikisa kulia na kushoto apate kusikia kama habu inagonga. Na apime nafasi ya uma wa nyuma, milimita 130 kwa baiskeli nyingi za breki za ringi, 135 au 142 kwa zile za diski, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kaboni ya mtumba aiache, kwa kuwa ufa wake hujificha ndani na hakuna chaki ya fundi inayoufichua.

Liko jambo moja lililobaki ambalo linaweza kutengenezwa na watu wa Malava wenyewe. Spoki za Black Mamba ni ndefu mno kwa ringi ya 622, na zilizo fupi za chuma kisichoshika kutu hazipatikani sokoni isipokuwa kwa kuagizwa kutoka miji mikubwa, moja moja na kwa bei ya moja moja. Vijana wanaofanya mazoezi pamoja katika barabara ya Webuye wangekubaliana kujenga magurudumu yao juu ya ringi ya aina moja na habu za aina moja, spoki zao zote zingekuwa za urefu wa namna mbili tatu tu, na kila mmoja angechangia sehemu yake ya boksi moja litakalokaa kwa fundi mmoja mwenye sikio zuri, ambaye naye angefundishwa hesabu ya upande wa gia, na yeyote atakayekatikiwa na spoki Jumamosi jioni angeweza kukimbia Jumapili asubuhi.